Kichupa Namba Nane

Kila asubuhi, kabla ya kugusa hata ufagio, kinyozi ilimbidi kwanza ampulizie mdogo wake puani.

Jambo hilo lilikuwa limeshapata watazamaji wake. Kinyozi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mrefu wa kuinamia kila mlango, alisimama katikati ya duka la kunyolea waliloachiwa na baba yao, mikono nyuma kama mtoto wa shule, akafungua kinywa na kutoa pumzi: haaa. Mdogo wake, ambaye siku hizi hakuitika mpaka aitwe Meneja, alisogeza pua, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, akanusa mara mbili, kisha akaligeukia benchi la wateja.

"Leo amesukutua," alitangaza. "Tena dawa ya meno nusu bomba! Mtu asiye na la kuficha anasukutua hivyo?"

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeng'aa kama bakuli tangu ujana wake na hakuwa na unywele wa kuleta pale, alikuja kwa ajili ya hilo tu. Alicheka mpaka akaomba maji.

Mke wa kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na kapu la taulo. Taulo za duka alizifua yeye nyumbani, na kwa kawaida binti yake ndiye aliyezileta. Siku hiyo binti aliwahi kazini, kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa madaftari, na mama akabeba kapu mwenyewe. Ndivyo alivyojionea. Miezi minne mumewe akiulizwa kazi ilikwendaje, jibu lilikuwa lile lile: "Vizuri tu. Tunasalimiana, tunaanza."

"Kumbe huku ndiko kusalimiana," alisema mkewe.

Kinyozi aligeuka. Bega lake la kushoto liliruka, shingo ikalifuata, mkono ukajirusha kando kama unaofukuza nzi, na mguu ukaitafuta sakafu mara mbili kabla ya kuipata.

"Unaona mwenyewe, shemeji," Meneja alisema kwa upole wa kuigiza. "Saa mbili asubuhi, mtu anacheza muziki asiosikia mwingine. Na mimi nina wateja wenye masikio."

Masikio hayo yalikuwa na habari yake. Siku moja wembe ulimruka kinyozi mkononi ukachukua ncha ya sikio la mwalimu mstaafu. Tangu hapo mwalimu alikuwa akilisimulia sikio lake kwa kila aliyeuliza, mara lilikatwa vitani, mara na chui, mara na mwanamke mwenye wivu. Lakini kesho yake Meneja alihamia kiti cha kwanza, kile cha karibu na mlango chenye mwanga mzuri, kilichokuwa cha baba yao kisha cha mzaliwa wa kwanza. Akabandika karatasi ukutani: MLEVI HASHIKI WEMBE HAPA. Kinyozi akapewa ufagio, na hata ufagio ulimchezea.

"Mume wangu hajaonja pombe tangu nimjue," mke alisema, "na nimemjua miaka ishirini na mitatu."

"Basi huyo ni bingwa! Miaka ishirini na mitatu na mkewe hajashtuka." Meneja alilikonyeza benchi. "Au mnakunywa pamoja? Hebu nawe nipulizie, shemeji."

Fundi viatu alianguka kutoka kwenye benchi. Kweli kabisa, alianguka, akainuliwa na watu wawili.

Mke wa kinyozi alizipanga taulo mahali pake, moja moja, bila haraka, huku wakicheka. "Nenda tu, mke wangu, utachelewa," mumewe alimwambia akiitazama sakafu. Akaenda. Njiani alikuwa akisema peke yake kwa sauti, mpaka muuza mkaa akampisha njia: "Nitamsimamisha pale pale. Katikati ya duka, kinywa wazi. Na benchi lile lile ndilo litakalocheka."

* * *

Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo, ila havikuwa vya chakula. Aliosha vichupa, bilauri na mirija ya kioo katika maabara ya hospitali, na wote humo walimwita Mama Chupa. Mkubwa wake alikuwa mtaalamu mmoja mwembamba aliyeitwa Bwana Barafu, kwa kuwa hakuna alichokipenda duniani kama baridi. Ilisemekana alikwenda kuposa amekumbatia kisanduku cha barafu, na wakwe wakadhani ni zawadi.

Daktari wa magonjwa ya neva, mama wa makamo mwenye macho ya kuchunguza, alimwona kinyozi siku moja getini akimsubiri mkewe. Alimtazama kwa muda mrefu, akamwita ndani. Hakumwuliza anakunywa nini. Alimwuliza baba yake alikufaje.

"Alianguka kwenye ngazi," kinyozi alisema. "Miaka ya mwisho alikuwa akiyumba. Watu walimwita mlevi."

"Alikunywa?"

"Baba? Ukipita dukani kwake unanuka pombe, anakunyoa upande mmoja anakufukuza."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha. "Toa ulimi. Uuache nje, nihesabu mpaka ishirini." Kinyozi alitoa ulimi. Daktari alipofika sita, ulimi ulirudi ndani wenyewe, kama konokono aliyeguswa. Alijaribu tena, ukarudi kwenye tano.

Vipimo vingine vilifuata, na wiki tatu baadaye daktari aliwakalisha mtu na mkewe akawaambia bila kuzungukazunguka. Haukuwa ulevi. Ulikuwa ugonjwa wa kurithi, unaokula ubongo polepole, mpaka mwili ucheze bila kuambiwa. Dawa ya kuuondoa haikuwepo; ya kupunguza ule mchezo ilikuwepo. "Na mzazi akiwa nao," alisema, "kila mtoto wake ni nusu kwa nusu. Kama kurusha sarafu."

Kila mtoto. Mke wa kinyozi alilishika neno hilo. Cha ajabu, wazo lake halikwenda nyumbani. Lilikwenda moja kwa moja dukani, kwa mtoto wa pili wa yule mzee aliyeanguka kwenye ngazi.

Aliomba barua yenye muhuri, akaipeleka kwa Meneja mwenyewe. Meneja aliisoma mpaka mwisho. Kwa kitambo uso wake ulibaki mtupu. Kisha akarudia sauti yake ya benchi: "Barua ya hospitali unayofanyia kazi wewe? Ningekuwa nafanya kazi benki, mimi nami ningejiandikia barua." Akaitumia kufutia povu la wembe.

* * *

Daktari alikuwa na utafiti wake. Ndani ya chembe nyekundu za damu, alimweleza Mama Chupa, mna vimeng'enya, vifanyakazi vidogo vinavyofanya kila chembe iishi. Katika baadhi ya magonjwa ya aina hii, alitaka kujua kama vifanyakazi hivyo navyo hubadilika. "Ubongo wa mtu aliye hai hatuwezi kuuchota kwa sindano," alisema. "Damu tunaweza." Alihitaji damu ya wagonjwa, na ya ndugu zao wasio na dalili.

Mke wa kinyozi alidhani Meneja angekataa. Kumbe Meneja alikuwa na hesabu zake.

"Pimeni!" alisema, akikunja mkono wa shati mbele ya wateja, daktari alipofika dukani na sindano zake. "Pimeni yake na yangu. Moja itawaka moto mkiikaribia na kiberiti, na mtajua ni ipi. Matokeo nayabandika hapo ukutani."

"Huu si upimaji wa pombe," daktari alisema. "Na majibu ya mtu mmoja mmoja hatutoi. Tunalinganisha makundi."

"Ndiyo, ndiyo, daktari, makundi." Alikuwa akimsikiliza yeye kama mtu anavyosikiliza mvua ya mtaa wa pili.

Damu ilichotwa. Mama Chupa alibandika namba kwa mkono wake: saba ya mumewe, nane ya Meneja. Akavilaza vichupa vyote viwili kwenye kisanduku, katikati ya barafu. Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine wa kutembelea, kwa hiyo kisanduku alikabidhiwa yeye akipeleke maabara.

"Polepole njiani, shemeji," Meneja alimwita akiwa keshavuka kizingiti. "Isije ikapungua. Nyumbani kwenu vya kumiminwa havilali!"

Kicheko kilimsukuma mgongoni mpaka kwenye kona. Hapo alisimama. Alifungua kisanduku akavitazama vile vichupa viwili vimelala ubavu kwa ubavu, kama watoto wa mama mmoja kitanda kimoja, na roho ikamkataa. Hata kwenye barafu hakutaka mtu yule alale karibu na mumewe. Alikitoa kichupa namba nane akakisokomeza kifuani, ndani ya nguo, akafunga kisanduku na kuendelea na safari. Jua lilikuwa la saa saba. Njia ilikuwa ya karibu saa nzima kwa miguu, na hasira ilimchemsha kuliko jua. Alipolikaribia geti la hospitali alikumbuka sauti ya Bwana Barafu, akakirudisha kichupa mahali pake, akajifuta jasho, akaingia.

* * *

Alhamisi alikuwa kwenye karai, mikono ndani ya povu, Bwana Barafu alipomsomea daktari karatasi yake upande wa pili wa meza.

"Saba iko chini. Nane iko chini kabisa. Chini hata kuliko saba."

"Nane ni nani?"

"Mdogo mtu. Yule asiye na dalili."

Kufikia hapo Mama Chupa alikuwa amefunga bomba ili asikie. Moyo ulimdunda kwa furaha chafu ambayo hakujua kuwa anayo. Akafungua bomba lote, maji yakanguruma, na kwa hiyo hakumsikia daktari akisema: "Rudia wiki ijayo. Kipimo kimoja hakimwambii mtu kitu." Yeye alikuwa ameshachukua alichokitaka.

* * *

Jumamosi duka lilijaa mpaka watu wakasimama. Meneja alikuwa ameshika wembe, mteja yuko kitini na povu shingoni, na kinyozi alikuwa ameanza kusogea katikati ya sakafu kwa ajili ya pumzi yake ya kila siku. Mkewe aliingia akasimama mbele yake.

"Leo si zamu yake," alisema. "Ni yako, shemeji."

"Zamu ya nini?"

"Ya kufungua kinywa. Kaka yako amefungua chake zaidi ya miezi minne. Wewe unaogopa nini?"

"Afungue!" fundi viatu alipiga kelele kwa furaha. Kwake ilikuwa sawa tu, nani afungue. "Meneja afungue!"

"Mimi nanuka sabuni tu, wote wanajua."

"Sikunusi. Toa ulimi, uuache nje, nihesabu mpaka ishirini. Ndicho kipimo cha daktari. Mtu mzima hashindwi."

Meneja aliangalia benchi, benchi likamwangalia. Aliweka wembe, akaja katikati ya duka, akatoa ulimi mrefu kama wa ng'ombe, na macho akayatumbua ili wacheke. Wakacheka.

"Moja," alisema mke wa kinyozi.

Hakuhesabu kama daktari. Alizivuta namba kama anayevuta mpira wa manati. Kwenye tatu benchi lilianza kuhesabu naye kwa pamoja, likipiga makofi. Kwenye tano alisogea karibu, akamwambia sikioni, taratibu, wengine wasisikie: "Damu yako imesomwa. Iko chini kuliko ya kaka yako."

"Sitaaa!" likasema benchi.

"Unakumbuka baba yenu alivyokuwa akipanda ngazi?"

"Sabaaa!"

Ulimi ulianza kutetemeka. Meneja alijaribu kuukaza, na kadiri alivyokaza ndivyo ulivyotikisika. Kwenye nane ukarudi ndani wenyewe.

"Nane!" fundi viatu alilia kwa kicheko. "Meneja wa nane! Hata mlevi wetu angefika huko!"

Walicheka wote. Mwenye povu shingoni alicheka. Mwalimu mstaafu alicheka mpaka akalishika lile sikio lake. Mke wa kinyozi aliwaacha wacheke washibe. Kisha akasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Mume wangu halewi. Na huyu halewi. Ni ugonjwa, wameachiwa na baba yao pamoja na duka hili. Mume wangu unamchezesha. Huyu uko kwenye damu unasubiri siku yake. Daktari ameusoma."

Kicheko kilikatika kama redio iliyokatiwa umeme. Kwenye benchi watu walisogea, kila mmoja kidogo tu, na pakatokea nafasi ambayo hakuna aliyeitaka. Meneja akaketi hapo hapo, kwenye ile nafasi. Mwenye povu alijifuta shingo mwenyewe akatoka na shavu moja halijanyolewa.

"Sema sasa," mwanamke alimwambia.

"Niseme nini, shemeji?"

"Unakijua."

"Kaka si mlevi."

"Fundi viatu hajasikia."

"Kaka si mlevi!" Sauti ilimpasuka. "Hajawahi kuwa mlevi."

"Na karatasi yako."

Meneja aliinuka, akaibandua karatasi ukutani kwa kucha, kipande kwa kipande, kwa sababu alikuwa ameibandika kwa gundi nzuri. Ilichukua muda. Hakuna aliyemsaidia. Mwalimu mstaafu alikohoa, akamwendea kinyozi na kumpa mkono. "Bwana, nisamehe," alisema. "Na mimi nilisema mengi."

Kinyozi aliupokea mkono ule, lakini macho yalikuwa kwa mkewe. "Nani alikwambia umwambie hivyo?"

"Damu yake ndiyo imesema."

"Mbele ya mtoto?"

Mwanamke aligeuka. Binti yake alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua taulo chafu. Alikuwa ameweka kapu chini na alikuwa akiitazama mikono yake, kwanza mgongo, kisha viganja, akiwa ameinyoosha mbele kama anayesubiri imwambie jambo.

* * *

Wiki ile mke wa kinyozi alikwenda kazini kwa njia ndefu, makusudi, ili apite mbele ya duka. Aliona alichokuwa akikiomba. Kwenye kiti cha kwanza, penye mwanga, alikaa mumewe, bila wembe, bega likiruka, akisalimiwa na kila mpita njia kwa heshima kama zamani. Meneja alikuwa ndani kabisa, karibu na ndoo. Hakushika wembe tena. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka wenyewe, kwa hofu, na kila ulipotetemeka aliutazama kwa hofu zaidi, ukazidi. Wateja wengi walihamia mtaa wa nyuma. Fundi viatu alibaki kwake, hakukuwa tena na cha kuangalia.

Ilikuwa tamu. Asingeweza kusema uongo kuhusu hilo. Kwa wiki nzima alikula akashiba na akalala fofofo.

Jumatatu ya wiki ya pili, Bwana Barafu alikuja kwenye karai lake ameshika kichupa kitupu kama mtu aliyeshika mwili wa kuku wake.

"Namba nane nimeitupa," alisema. "Nimeangalia akiba yake. Yale maji ya juu yalikuwa mekundu. Chembe zilipasuka njiani, na vimeng'enya vikamwagika nje. Ndiyo maana ilisoma chini vile! Mimi na daktari tukadhani ni mambo ya ugonjwa, kumbe ni joto na kutikiswa."

Mama Chupa aliendelea kusugua.

"Sasa niambie, Mama Chupa. Saba ililala kando yake kisanduku kimoja, na ni salama kabisa. Nane ilipata wapi joto?"

"Labda damu yake ni kali," alisema, na akasugua kichupa mpaka kikavunjika mkononi.

Aliamua kunyamaza. Alimeza siri ile, ikakaa vizuri tumboni mpaka jioni, binti yake alipomfuata kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Mama. Baba mdogo alikuwa mzima kabisa. Hana dalili hata moja."

"Ndiyo."

"Na bado damu yake imesema. Kwa hiyo mtu anaweza kutembea hivi hivi, anacheka, anakwenda kazini, kumbe umo ndani unasubiri."

"Wewe huna."

"Nani alinipima?" Binti alianika taulo, akaivuta pembe zake zikalingana sawasawa. "Watoto wa babu walikuwa wawili, wote wawili wamepata. Na baba ana mtoto mmoja tu. Mimi sarafu yangu itaangukia wapi?"

Mama hakulala usiku ule. Ilipofika alfajiri alikuwa amelitambua jambo lililomchukiza kuliko yote aliyowahi kufanyiwa na Meneja: sasa alimhitaji. Alimtaka mzima, damu safi, mikono imetulia, asimame mbele ya binti yake kama mtoto mmoja wa yule mzee ambaye sarafu yake iliangukia pazuri.

* * *

Alimkuta peke yake dukani, kabla ya kufunguliwa, amekaa kwenye benchi la wateja.

"Umekuja kuhesabu tena?" Meneja alimwuliza.

"Nimekuja kukwambia utoe damu nyingine. Ile iliharibika."

"Iliharibika."

"Niliiharibu mimi. Niliitoa kwenye barafu nikaitia kifuani, saa nzima juani."

Meneja alimtazama, kisha akacheka kicheko kikavu. "Kifuani kwako? Mimi? Shemeji, ungetafuta uongo mwingine."

"Ulinitukana. Sikutaka ulale na mume wangu kisanduku kimoja."

Hapo aliamini, mwanamke aliliona jambo hilo likimwingia. Lakini uso wake haukufunguka. Aliutazama mkono wake uliokuwa ukitetemeka juu ya goti.

"Unajua nilikuwa nikifanya nini nilipomnusa kaka?" alisema. "Nilikuwa naomba. Kila asubuhi. Naomba inuke, hata tone. Ingenuka, basi ni pombe. Na kama kwake ni pombe, basi na baba ilikuwa pombe ya kujificha. Mimi siinywi, nimesalimika. Haikuwahi kunuka hata siku moja. Barua yako niliiamini kabla sijamaliza mstari wa pili."

"Ungeomba peke yako," alisema mke wa kinyozi. "Kwa nini uliomba mbele ya benchi?"

Meneja aliutazama ukuta, pale gundi ya karatasi yake ilipokuwa imebaki.

"Twende kwa daktari. Kipo kipimo cha kweli, si hiki cha utafiti. Utajua moja kwa moja."

"Na nikijua?"

"Labda huna."

"Labda ninao. Sasa hivi, shemeji, hofu ikinibana, naweza kujiambia labda ni kifua chako tu. Umenipa cha kushikilia. Nikichotwa tena, nitashikilia nini?"

"Yupo mtoto," alisema. Ilimtoka kama anayetapika. "Yupo binti yangu anayekutazama wewe."

Meneja aliinama. Kwa muda ilionekana kama angenyanyuka. Kisha aliushusha mkono wa shati mpaka kwenye kifundo cha mkono, akatafuta kifungo, na vidole vikakikosa mara tatu. Mara ya nne akakifunga.

"Samahani," alisema. "Siwezi."

Mke wa kinyozi alitaka kumtukana. Alikuwa na matusi ya kutosha, ameyaweka tangu ile siku ya taulo. Lakini yote aliyatazama akaona yamechakaa, na akatoka.

* * *

Nyumbani mlango ulikuwa wazi nusu. Alisimama nje na ufunguo mkononi, kwa sababu alisikia sauti ya mumewe ndani, ile sauti yake ya siku hizi inayovutana na maneno.

"Saba. Nane."

Alichungulia. Binti yake alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo cha ukutani, tayari kwa kazi, mkoba begani, na ulimi ulikuwa nje. Macho ameyakaza. Baba yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda nyuma yake, bega likiruka, mkono mmoja umeshika mwingine ili utulie, na alikuwa akimhesabia.

"Tisa. Kumi. Kumi na moja."

Ulimi wa binti ulitikisika kwenye ncha. Kidogo tu, kama unavyotikisika wa mtu yeyote anayeogopa. Kinyozi aliuona kwenye kioo. Mkewe alimwona akiuona.

"Kumi na mbili," alisema kinyozi, akashusha pumzi, akaanza kuruka namba. "Kumi na sita. Kumi na tisa. Ishirini! Umefika, mama. Funga kinywa, nenda kazini."